INR 6,8 kwa mgonjwa wa valvu ya chuma baada ya Bactrim na Flagyl: vitamini K kiasi gani?

MuuguziKatuba

Bandugu, jambo yenu. Swali hili ni kwa wale wanaofuata wagonjwa wa Sintrom (dawa ya kuzuia damu kuganda) hapa Lubumbashi na kandokando.

Mama wa miaka 38, kilo 58, ana valvu ya chuma upande wa mitrali. Anakunywa Sintrom ya miligramu 4, robo tatu ya kidonge kila jioni. Lengo lililoandikwa kwenye karneti yake ni INR (kipimo cha kuganda kwa damu: ikipanda, damu inachelewa kuganda) kati ya 2,5 na 3,5, na kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 2,9. Siku nane zilizopita aliandikiwa kwingine antibiotiki, Bactrim forte, asubuhi na jioni kwa sababu ya mkojo unaochoma, kisha akaongezewa Flagyl kwa ajili ya tumbo. Leo INR ni 6,8. Hana damu kwenye mkojo wala kwenye choo, kichwa hakimuumi, anatembea na kuongea vizuri. Fizi zinatoa damu kidogo akipiga mswaki.

Mwenzangu wa zamu anataka tumchome ampule nzima ya vitamini K, miligramu 10, kwenye msuli, ili INR ishuke leo leo. Mimi nasita. Labo nyingine imemrudishia TP (kipimo kilekile cha kuganda, kwa asilimia) 14 % bila INR, sijui niisomeje. Tena familia inasema kosa ni la sombe na lengalenga, wameshamkataza majani yote. Kaka yake aliye Ndola yuko tayari kumletea rivaroksabani ili waachane kabisa na Sintrom na mambo ya kupima kila mwezi.

Naomba utaratibu wa hatua kwa hatua, na dozi zake.

---

DoctaKampemba

Umefanya vizuri kusita. Usichome hiyo ampule, na hasa usiichome kwenye msuli. Mgonjwa mwenye INR 6,8 ukimtoboa msuli, damu inaweza kujikusanya ndani ya tako au paja bila mtu kuiona mpaka mguu uvimbe na ngozi ikaze. Sheria hiyo inahusu kila sindano ya msuli: diklofenaki, jentamisini, kwinini, hata vitamini B zinazochomwa ovyo. Mtu aliye kwenye Sintrom hachomwi msuli. Weka neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa karneti yake kwa kalamu nyekundu.

Hatari ya pili ya miligramu 10 ni valvu yenyewe. Kwa mgonjwa huyu unatembea kati ya hatari mbili: damu kumwagika, na bonge la damu kushika valvu. Dozi kubwa ya vitamini K inashusha INR hadi karibu na 1, halafu inakaa kwenye ini. Utarudisha Sintrom na INR haitapanda kwa siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Muda huo wote chuma kiko kwenye mitrali bila ulinzi, na mitrali ndiyo sehemu ambayo damu hupita polepole na kuganda kwa urahisi zaidi kuliko kwenye aota. Valvu ikiziba, mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache. INR 6,8 bila damu kumwagika ni jambo la kushughulikia leo, lakini usitumie nyundo.

Miongozo ya HAS, mamlaka ya afya ya Ufaransa, ya mwaka 2008 inatenganisha makundi mawili. Kwa mtu ambaye lengo lake ni 2,5, kwa mfano mwenye bonge la damu mguuni: INR kati ya 4 na 6, anaruka dozi moja bila vitamini K, kati ya 6 na 10, anasimamisha dawa na kunywa vitamini K miligramu 1 hadi 2, kuanzia 10, anasimamisha na kunywa miligramu 5. Kwa mwenye lengo la 3 au zaidi, na huyu mama ni mmoja wao, chini ya 6 haruki dozi wala hapewi vitamini K, unatafuta sababu na kurekebisha. Kati ya 6 na 10 unaomba ushauri wa mtaalamu siku hiyo hiyo kabla ya kuamua kama atapata miligramu 1 hadi 2. Kuanzia 10 anapelekwa hospitali bila kuchelewa. Katika hali zote INR inarudiwa kesho yake.

Kwa hiyo leo jioni: hanywi Sintrom. Unasimamisha Bactrim na Flagyl kama kweli havihitajiki tena, au unabadilisha. Unapiga simu kwa daktari wa moyo anayemfuata. Kesho asubuhi INR nyingine. Sintrom ina faida moja hapa: nusu ya maisha yake ndani ya damu ni kama saa 8 hadi 11, wakati warfarini, dawa ya kundi lake, ni karibu saa 40. Ndiyo maana kwa Sintrom kuruka dozi moja au mbili mara nyingi kunatosha kuishusha INR ndani ya siku moja au mbili, bila vitamini K yoyote.

Daktari wa moyo akikubali vitamini K, itakuwa ya kunywa, miligramu 1. Ampule ya miligramu 10 kwa mililita 1: vuta kwa sirinji ya insulini ya U-100 hadi alama ya 10, yaani mililita 0,1, hiyo ni miligramu 1. Alama ya 20 ni miligramu 2. Toa sindano, mwagia mdomoni, mpe maji kidogo. Kilichobaki kwenye ampule tupa. Mtu akikiacha mezani, mwingine wa zamu atakimalizia.

Yakitokea haya, maneno yote ya hapo juu yanafutika: kichwa kinachouma ghafla na kwa nguvu, kutapika, mdomo au mkono kulegea, usingizi usio wa kawaida, choo cheusi kama lami, kutapika damu, tumbo au kiuno kinachouma sana, pumzi kukatika, presha kushuka na moyo kwenda mbio. Hapo ni hospitali yenye damu na skana. Vitamini K miligramu 10 inawekwa kwenye mshipa, ndani ya mililita 50 za serumu (maji ya dripu), polepole kwa dakika 20 hadi 30, kwa sababu ikisukumwa haraka inaweza kumwangusha mgonjwa kwa mzio mkali. Pamoja nayo, konsentrati ya protrombini (faktori, yaani protini, za kugandisha damu) vizio 25 hadi 50 kwa kilo kama ipo. Kama haipo, plazima mililita 15 kwa kilo, ambayo kwake ni kama mililita 870, karibu mifuko minne. Vitamini K peke yake inachukua saa nyingi kufanya kazi, usimkalie mgonjwa anayevuja damu ukiingoja. Na mtu anayevuja damu ubongoni hacheleweshwi kwa sababu ya kuogopea valvu.

Niambie joto lake ni ngapi. Hukuliandika.

---

LaboKenya

Nijibu upande wa labo, maana kabla ya kugusa dozi lazima ujue kama hiyo 6,8 ni ya kweli.

TP 14 % usijaribu kuigeuza kuwa INR kwa jedwali la ukutani. Asilimia ya TP inategemea reajenti ya labo husika. Labo mbili zenye reajenti tofauti zinatoa asilimia tofauti kwa damu ileile. INR ilianzishwa ili kuondoa tatizo hilo. Hesabu yake: sekunde za mgonjwa unazigawa kwa sekunde za wastani za watu wazima wasio na ugonjwa, kisha jibu unalipandisha kwa kipeo cha ISI, namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya kila loti ya reajenti. Tazama jinsi namba hiyo ndogo inavyobadilisha kila kitu. Mgonjwa ana sekunde 30, wastani ni sekunde 12, uwiano ni 2,5. Kama ISI ni 1,0, INR ni 2,5. Kama ISI ni 1,2, INR ni 3,0. Kama ISI ni 1,8, INR ni 5,2. Damu ileile, sekunde zilezile. Labo ikifungua boksi jipya na kusahau kuingiza ISI mpya kwenye mashine, wagonjwa wote wa Sintrom wa wiki hiyo watapunguziwa au kuongezewa dozi bure. Kwa hiyo omba mambo mawili kwa labo iliyotoa TP: sekunde za mgonjwa, na ISI ya loti wanayotumia. Wakishindwa kukupa ISI, matokeo yao usiyatumie kurekebisha dozi.

Sasa tubu. Kipimo hiki kinataka tubu ya kofia ya bluu yenye sitrati 3,2 %, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati, ijazwe mpaka mstari. Tubu ikijaa nusu, sitrati inazidi, inakamata kalsiamu ambayo reajenti inaleta, sekunde zinarefuka na INR inapanda kwa uongo. Hili ndilo kosa ninaloliona likisababisha INR za ajabu zaidi ya yote, hasa mishipa inapokuwa migumu na muuguzi anaridhika na kile kilichopatikana. Kama damu haikufika mstari, chukua tubu mpya. Usichanganye damu ya tubu mbili. Igeuze taratibu mara tatu au nne, usiitikise. Ukiona bonge ndani yake, hata dogo kama punje ya mchele, tubu hiyo haifai. Usichukue damu kwenye kateta iliyosafishwa kwa heparini.

Damu inayotoka Kipushi au Likasi: tubu ikiwa imefungwa, kwenye joto la kawaida la chumba, kipimo cha TP kinaweza kungoja hadi saa 24. Usiiweke kwenye friji wala kwenye barafu. Baridi inaamsha faktori VII na kufupisha sekunde, INR inaonekana chini kuliko ilivyo. Kinachotaka friji ni reajenti. Na hapa umeme wa SNEL unahusika: tromboplastini, yaani reajenti yenyewe, iliyokwisha kuchanganywa na kuachwa kwenye friji iliyokaa bila umeme usiku mzima haifai kuaminiwa asubuhi bila kupima kontroli kwanza. Kontroli ya kawaida na kontroli ya juu, zote mbili, kila asubuhi, na kila umeme unaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu.

Mashine ndogo ya kutoboa kidole ni nzuri kwa ufuatiliaji, lakini ikionyesha zaidi ya 4,5 hivi, rudia kwa damu ya mshipa kabla ya kuamua jambo kubwa. Ukitoboa, tumia tone la kwanza, ndani ya sekunde 15, bila kukamua kidole. Ukikikamua, maji ya nyama yanaingia kwenye damu na kipimo kinaharibika.

Kwa mgonjwa wako: Bactrim pamoja na Flagyl, INR 6,8 inaaminika. Lakini ya kesho ifanyike kwenye labo ileile iliyotoa 6,8. Ukibadilisha labo hutajua kama INR imeshuka au reajenti imebadilika.

---

MuuguziKatuba

Aksanti sana, Docta, na wewe wa labo. Nimepima: joto ni 38,1, na anasema lilianza juzi usiku. TDR (kipimo cha haraka) ya malaria ni chanya. Vitamini K hatujatoa, Sintrom ya leo hanywi, daktari wa moyo amekubaliana na hilo. Mwenzangu amesoma majibu na amerudisha ampule. Kwa malaria nimpe nini bila kuharibu zaidi? Na hilo la rivaroksabani familia bado wananisumbua.

---

DoctaKampemba

TDR chanya isikufunge macho. Homa kwa mtu mwenye valvu ya chuma ni endokarditi (maambukizi ndani ya moyo) mpaka ithibitishwe sivyo, hata kama malaria ipo. Katika mji ambao malaria haikomi, mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Toa hemokultura (damu ya kuoteshea vijidudu) tatu, kila moja kutoka sehemu tofauti ya mwili, kabla ya antibiotiki nyingine yoyote. Mama huyu amekunywa Bactrim siku nane, hivyo mwambie labo wazi, maana vijidudu vinaweza kuchelewa kuota. Msikilize moyo: mlio mpya, au mlio wa chuma uliofifia. Tazama chini ya kucha na ndani ya kope. Omba eko ya moyo.

Malaria isiyo kali: artemeta-lumefantrini kwa dozi ya kawaida, pamoja na chakula, INR siku ya tatu au ya nne. Epuka kwinini, inaweza kuipandisha INR. Malaria ikiwa kali, artesunati ya mshipa, miligramu 2,4 kwa kilo saa 0, saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku. Kwa kilo 58 ni miligramu 139 au 140 kila mara. Usiiweke kwenye msuli. Omba pia hesabu ya pleti (seli ndogo zinazosaidia damu kuganda). Malaria yenyewe hushusha pleti, na INR ya 5 yenye pleti 60 000 si sawa na INR ya 5 yenye pleti 250 000.

Na homa peke yake, bila dawa yoyote, inapandisha INR: ini linachoma faktori haraka zaidi na mgonjwa hali. Hivyo sababu za 6,8 ni tatu zilizokutana, si moja.

---

MfamasiaKamalondo

Niseme juu ya dawa na chakula, maana hapo ndipo familia imepotea, na si kosa lao, kila mtu huwaambia jambo lake.

Sombe, lengalenga na matembele vina vitamini K nyingi. Vitamini K ndiyo Sintrom inayoizuia. Kwa hiyo majani *yanashusha* INR. Haiwezekani sombe iwe ndiyo iliyoipeleka hadi 6,8. Mkimkataza majani yote sasa hivi, wakati hana hamu ya kula, mnaondoa kidogo kilichokuwa kinamsaidia kushuka, na INR itazidi kupanda. Ale majani kama alivyozoea kula, sahani ileile kwa bukari, mara zilezile kwa wiki. Kinachovuruga ni mabadiliko: mtu anayekula sombe kila siku halafu anaingia wiki nzima ya kufunga kwa maombi, INR inapanda, akirudi kula kwa nguvu, inashuka. Mgonjwa wa Sintrom anayetaka kufunga aje kwanza, tupange kipimo katikati ya wiki hiyo. Pombe ni hivyo hivyo. Lutuku nyingi kwa usiku mmoja inapandisha INR, na kumwangusha mlevi kichwa chini ni hatari yake ya pili.

Waliosababisha ni Bactrim na Flagyl. Zote mbili zinazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja Sintrom na warfarini, kinachoitwa CYP2C9. Dawa haitoki mwilini, inarundikana. Flukonazoli inafanya hivyo hivyo, hata kibonge kimoja cha kunywa cha miligramu 150 kwa fangasi za ukeni kimeshawahi kuleta shida. Siprofloksasini na eritromisini pia zinaweza kuipandisha INR. Kanuni ninayoandika kwenye kila ordonansi ya Sintrom: dawa yoyote mpya, INR baada ya siku tatu hadi tano, na nyingine dawa ikiisha. Hii inahusu dawa ya miti vilevile. Unga wa mizizi ambao haujulikani ndani yake kuna nini ni dawa mpya.

Kwa mkojo, mara nyingi unaweza kuchagua kitu kisichogusa sana Sintrom. Jadilini na Docta kufuatana na ECBU (kipimo cha vijidudu vya mkojo). Lakini hakuna antibiotiki isiyohitaji kipimo, hata amoksisilini.

Upande wa pili ni rifampisini. Inafanya kinyume: ini linapata nguvu ya kuvunja Sintrom, INR inaporomoka taratibu kwa wiki mbili, na dozi inaweza kuhitaji kupandishwa mara mbili, tatu, hata tano. Hatari kubwa inakuja matibabu ya kifua kikuu yanapoisha: rifampisini ikiondoka, ini linarudi kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na mgonjwa amebaki na dozi ile kubwa. Panga INR za kila wiki kwa mwezi mzima baada ya kidonge cha mwisho. Karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali nazo huelekea upande huo.

Maumivu na homa: parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku kama itaendelea zaidi ya siku chache, kwa sababu hata yenyewe ikizidi inapandisha INR. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya kununua dukani zinakataliwa. INR inaweza kubaki nzuri kabisa huku tumbo linavuja damu, kwa sababu dawa hizo zinachubua tumbo na kulemaza pleti, na INR haipimi pleti.

Sasa rivaroksabani. Hapana. Kwa valvu ya chuma, hapana kabisa. Dabigatrani, dawa ya ukoo huo, ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma katika utafiti wa RE-ALIGN uliochapishwa 2013, na ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dabigatrani walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi ya wale wa warfarini. Hata asiye na chuma, lakini ana mitrali iliyokazwa na baridi yabisi ya moyo pamoja na moyo unaopiga ovyo, INVICTUS ya 2022 ilionyesha kuwa vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa rivaroksabani kuliko waliobaki kwenye dawa za kundi la Sintrom. Ugonjwa huo wa valvu wa baridi yabisi ndio tulio nao kwa wingi huku, hivyo tangazo la »dawa mpya isiyo na kipimo« haliwahusu wagonjwa wetu wengi. Mwambieni kaka wa Ndola, kwa heshima zote, pesa hiyo ailipie INR za dada yake. Itamlinda zaidi.

Inafaa wapi? Kwa bonge la damu la mguu au la pafu, miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, pamoja na chakula, kwa sababu bila chakula 15 na 20 hazinyonywi vizuri. Kwa moyo unaopiga ovyo usio na mitrali iliyokazwa wala chuma, 20 kwa siku, au 15 kama figo zinachuja kati ya 15 na 49 kwa dakika. Haihitaji INR, lakini inahitaji kreatinini kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka. Haichanganywi na rifampisini. Haipewi mwenye mimba wala anayenyonyesha. Na akiruka dozi, ulinzi unaisha ndani ya siku moja.

Mama ana miaka 38, kwa hiyo muulizeni pia kuhusu mimba, kwa upole na faraghani. Dawa za kundi la Sintrom zinaweza kuharibu mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kama anataka kuzaa, aje kabla. Akichelewa hedhi, apime siku hiyo, wala asisimamishe dawa peke yake.

---

MuuguziKatuba

Nimeelewa kuhusu majani, nimewaeleza, mama mkwe ameanza kucheka: kumbe alikuwa anamnyima mkwe wake lengalenga bure. INR ya leo asubuhi, labo ileile: 4,4. Pleti 142 000. Hemokultura zimetoka kwenda labo, eko ni kesho. Swali la mwisho: Sintrom narudisha lini, na kwa dozi gani? Nilifikiria kumpunguzia hadi nusu kidonge ili isijirudie.

---

DoctaKampemba

4,4 baada ya kuruka dozi moja, bila vitamini K. Hivyo ndivyo Sintrom inavyotenda.

Leo jioni rudisha kwa uangalifu: nusu kidonge, miligramu 2. Kesho INR, ikiwa chini ya 4, rudi kwenye robo tatu. Usimwache kwenye nusu kidonge. Dozi yake ya zamani haikuwa na kosa, ilikuwa inampa 2,9. Kosa lilikuwa dawa mbili ambazo sasa zimetoka. Ukimpunguzia moja kwa moja kutoka miligramu 3 hadi 2 kwa siku, umekata theluthi. Baada ya wiki, Bactrim ikishakwisha mwilini na hamu ya kula imerudi, utamkuta kwenye 1,6 na hakuna atakayekuwa anatazama, kwa sababu INR ya juu inaogopesha kila mtu na ya chini haimtishi yeyote. Wagonjwa wa valvu hupotea kwenye wiki hiyo ya pili.

Hata pale dozi inapohitaji kweli kubadilishwa, hesabu kwa wiki. Robo tatu ya kidonge kila siku ni miligramu 21 kwa wiki. Kupunguza karibu asilimia 10 ni kumpa nusu kidonge siku mbili, tuseme Jumatatu na Alhamisi, na robo tatu siku tano: jumla miligramu 19. Andika jina la siku kwenye karneti, usiandike »punguza kidogo«. Na kidonge kikatwe kwa kisu chembamba kwenye alama zake. Kilichovunjika vipande visivyo sawa kinabadilisha dozi kila siku.

Ratiba: INR kesho, kisha kila baada ya siku mbili hadi tatu mpaka mbili zifuatane ndani ya lengo, kisha kila wiki kwa wiki tatu, ndipo arudi kwenye kila mwezi. Artemeta-lumefantrini ikiisha, moja ya ziada.

INR ikishuka hadi 2,2 au 2,3, ongeza kidogo na upime tena baada ya siku tatu. Ikishuka chini ya 2, piga simu kwa daktari wa moyo siku hiyo, maana anaweza kutaka enoksaparini ya kufunika pengo: miligramu 1 kwa kilo kila saa 12, kwake sirinji ya miligramu 60 asubuhi na jioni, baada ya kuona kreatinini. Figo zikichuja chini ya 30, inakuwa mara moja kwa siku. Inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, ukishika mkunjo wa ngozi tangu mwanzo mpaka sindano itoke, bila kutoa kiputo cha hewa kilichomo kama unachoma sirinji nzima, na bila kusugua baadaye. Ukisugua, kesho tumbo lina madoa meusi na familia inakataa sindano inayofuata. Haisimamishwi INR inapogusa 2 tu. Subiri vipimo viwili mfululizo viwe ndani ya lengo.

Mfundishe jambo moja la nyumbani. Usiku, chumba kikiwa kimya, valvu ya chuma inasikika ikigonga. Yeye au mume wake akiweka sikio kifuani ataisikia. Mlio ukififia au ukipotea, na pumzi ikawa fupi, asingoje tarehe ya INR wala asubuhi. Aende hospitali usiku huo, na karneti mkononi.